Namna ya Kupima Taa za Kuzama Darini Kabla ya Kuzifunga katika Jengo la Biashara mjini Goma

Dari ya jasi yenye taa za kuzama, ambazo wengi wetu tunaziita spoti, imekuwa jambo la kawaida katika majengo ya biashara ya Goma, kuanzia maduka ya Birere hadi hoteli zinazotazama Ziwa Kivu. Taa ya aina hii hutofautiana na ile ya kuning'inia kwa jambo moja kubwa: ikishafungwa, sehemu zake muhimu hazionekani tena. Draiva (kifaa kinachobadili umeme wa mtandao ulingane na taa), viunganishi na waya wa ardhi (unaopeleka ardhini umeme unaovuja) hubaki juu ya dari, gizani, na mtu akitaka kuvirudia baada ya rangi kupakwa na wapangaji kuingia, atahitaji ngazi, ruhusa ya mwenye duka, na mara nyingi fundi wa jasi wa kuziba alipopasua.

Niliwahi kuitwa kwenye jengo moja la ghorofa tatu ambako taa zilitolewa kwenye katoni na kupandishwa darini moja kwa moja. Siku ya kuwasha, zote ziliwaka na mwenye jengo akafurahi. Wiki ya pili, saa moja jioni, safu nzima ya ukumbi ilianza kumetameta, kisha ikazimika, kisha ikawaka tena. Draiva zilikuwa zimeandikwa volti 220 hadi 240, na multimeta yangu ilisoma 187. Taa hizo hazikuwa mbovu. Zilikuwa zimetengenezwa kwa umeme ambao mtaa ule haukuwa nao saa ile, na hilo lingejulikana mezani kwa dakika kumi.

Mwongozo huu unamhusu fundi umeme aliyepewa katoni za taa na tarehe ya kuanza kufunga. Vipimo vimegawanyika mafungu mawili: vile ambavyo kila taa lazima ivipitie, yaani ukaguzi wa macho, waya wa ardhi, kihami (kinachozuia umeme usivuje) na kuwashwa, na vile ambavyo hufanywa kwa taa moja au mbili za kila aina, yaani joto na mabadiliko ya volti. Msimamizi wa ujenzi akikuambia kwamba hakuna muda wa fungu la kwanza, mwambie kwamba taa moja haimalizi dakika tano za kazi, mbali na saa za kuachwa ikiwaka.

Kusoma kibandiko na kukagua kwa macho

Anza kwa kusoma kibandiko cha taa na cha draiva, kwa kuwa mara nyingi havilingani. Andika volti, hezi (mtandao wetu ni wa hezi 50), wati, daraja la usalama na namba ya IP (kinga dhidi ya vumbi na maji). Daraja la kwanza huonyeshwa kwa alama ya ardhi na linadai waya wa ardhi. Daraja la pili lina alama ya mraba ndani ya mraba na halitaki ardhi. Daraja la tatu hutumia volti ndogo salama peke yake. Kuhusu IP, fahamu kwamba taa ya kuzama inaweza kuwa na IP44 upande wa chumba na IP20 tu upande wa juu ya dari, kwa hiyo taa "ya chooni" haikingi chochote ikiwa maji yanatoka kwenye paa linalovuja.

Tafuta pia herufi mbili ambazo mafundi wengi huzipita. Herufi ta ni joto la juu kabisa la mazingira ambamo taa imeruhusiwa kufanya kazi, na isipoandikwa huhesabiwa kuwa nyuzi 25. Herufi tc ni joto la juu kabisa linaloruhusiwa kwenye nukta iliyotiwa alama juu ya draiva. Mwisho, angalia kama kuna alama inayokataza taa kufunikwa na kitu cha kuzuia joto. Kiwango cha kimataifa cha taa za kuzama, IEC 60598-2-2, kinalitilia jambo hilo mkazo kwa sababu taa iliyofunikwa haina pa kutolea joto lake. Utasema kwamba Goma hakuna anayeweka pamba ya joto darini, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini kumbi za mikutano huwekewa pamba ya kupunguza kelele, na mimi binafsi nimekuta mifuko mitupu ya saruji iliyosahauliwa na wajenzi ikiwa imelala juu ya taa.

Kisha shika taa yenyewe. Vuta kila waya kwa nguvu ya kiasi pale unapoingia kwenye kiunganishi. Waya unaotoka kwa kuvutwa na vidole ungetoka vilevile darini. Fungua na ufunge springi mara chache, kwa kuwa springi iliyolegea ndiyo inayoangusha taa kichwani kwa mteja. Pima kipenyo cha shingo ya taa kwa rula badala ya kuamini namba ya katoni, kwani tundu likishatobolewa kubwa halirudi kuwa dogo. Pima na kimo chake pamoja na draiva, ukilinganishe na nafasi iliyopo kati ya dari na zege au mabati.

Meza ya kupimia

Meza iwe ya mbao kavu, mbali na mafundi wa rangi na wa maji. Umeme wake upite kwenye disjonteri (swichi inayojikata yenyewe mkondo ukizidi) ndogo ya ampea 6, na kabla ya hapo kwenye disjonteri ya miliampea 30 inayohisi umeme unaovuja. Weka swichi inayokata fezi (waya wenye umeme) na nyutrali (waya wa kurudisha mkondo) kwa pamoja, na uipange mahali ambapo mkono wa kushoto unaifikia bila kupita juu ya taa. Usipime peke yako jengoni.

Kifaa kimoja cha bei ndogo kinastahili nafasi mezani: balbu ya zamani ya waya mwembamba, ya wati 60, iliyofungwa mfululizo kwenye fezi kabla ya taa inayopimwa. Ikiwa ndani ya taa kuna shoti, balbu itawaka kwa nguvu zake zote na mkondo hautazidi takriban ampea 0.27, kwa hiyo hakuna kitakacholipuka. Ikiwa taa ni nzima, balbu itabaki giza au itawaka hafifu kwa sekunde moja. Baadhi ya draiva huwaka na kuzimika zikiwa kwenye balbu hiyo. Hilo si kosa, kwa kuwa balbu inapunguza volti. Kazi yake ni kutafuta shoti tu, si kupima ubora.

Vipimo vya taa isiyo na umeme

Taa ya daraja la kwanza hupimwa kwanza waya wake wa ardhi. Gusisha nyaya mbili za multimeta, uandike ukinzani wa nyaya zenyewe, kisha pima kati ya kiunganishi cha ardhi na kila kipande cha chuma kinachoweza kuguswa: pete ya nje, kipoza joto, mabano ya springi. Baada ya kutoa ukinzani wa nyaya, kisizidi omu 0.5. Kiwandani kipimo hiki hufanywa kwa mkondo usiopungua ampea 10, na multimeta haiwezi kutoa mkondo wa namna hiyo. Lakini inatosha kukamata kosa la kawaida, ambalo ni rangi iliyopakwa chini ya skrubu ya ardhi. Ukikuta kipimo kinarukaruka, fungua skrubu, kwangua rangi, kaza upya, pima tena.

Kinachofuata ni kihami. Hapa multimeta haifai kabisa, kwa sababu hupima kwa volti chache tu na kihami kilichochakaa huonekana kizima mbele yake. Tumia mega (kipima kihami) ya volti 500. Jambo la kwanza, na nalisema kwa mkazo kwa kuwa draiva nyingi zimekufa hivyo, ni kuunganisha fezi na nyutrali pamoja, kisha kupima kati ya muungano huo na ardhi au mwili wa chuma. Usipime kamwe kati ya fezi na nyutrali, kwa maana volti 500 zitapita ndani ya draiva na kuvunja vipande vyake. Shikilia kwa dakika moja. Taa mpya ya daraja la kwanza haitakiwi kushuka chini ya megaomu 2, na ya daraja la pili chini ya megaomu 4. Kwa kweli taa nzima na kavu husoma mara nyingi zaidi ya hapo, kwa hiyo taa inayosoma 3 huku wenzake wakisoma zaidi ya 200 itengwe hata kama imepita.

Msimu wa mvua utakusumbua. Katoni zilizolala siku tatu kwenye chumba chenye saruji mbichi hunyonya unyevu, na taa nzima inaweza kusoma vibaya asubuhi. Ziweke mahali pakavu penye hewa siku nzima, uzipime upya. Zikipanda, zilikuwa na unyevu, zisipopanda, zirudishe dukani. Sababu nyingine ya kipimo kibaya ni kinga ya radi iliyojengwa ndani ya draiva kati ya nyaya na ardhi. Ikiwa mtengenezaji ameeleza namna ya kuitenganisha, itenganishe. Ikishindikana, shusha mega hadi volti 250.

Ardhi ya Goma

Kuna swali ambalo fundi wa Lubumbashi halikutani nalo kwa ukali kama sisi: je, waya wa ardhi wa taa unaishia wapi? Sehemu kubwa ya Goma imekaa juu ya mawe ya volkano, na lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Mwamba huo haupitishi umeme vizuri, na nondo ya shaba haizami ndani yake kwa nyundo. Nimeona nondo zilizokatwa nusu na kufunikwa kwa udongo ili zionekane zimezama.

Kwa hiyo, kabla ya kununua taa za daraja la kwanza, pima ardhi ya jengo kwa kipimo chake maalumu. Ikiwa ukinzani wake ni mkubwa, waya wa ardhi wa taa utakuwa pambo tu: fezi ikigusa pete ya chuma, mkondo utakaopita ardhini hautatosha kuangusha disjonteri ya kawaida, na pete itabaki na umeme ikimsubiri mfagiaji mwenye ngazi ya aluminiamu. Suluhisho ni mawili, na ni bora yaende pamoja. La kwanza ni disjonteri ya miliampea 30 kwa mizunguko ya taa. La pili ni kuchagua taa za daraja la pili pale inapowezekana, kisha kuzipima kwa ukali wa megaomu 4 niliotaja, kwa kuwa hapo kihami ndicho kinga pekee iliyobaki kati ya mtu na fezi. Kwa maoni yangu, katika maduka mengi ya Goma daraja la pili ndilo chaguo la busara, hata likiwa na bei ya juu kidogo.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Ikiwa draiva imetenganishwa na taa, linganisha vibandiko vyao kwanza. Draiva ya mkondo usiobadilika huandikwa, kwa mfano, miliampea 300 na volti 27 hadi 40; taa inayohitaji miliampea 300 kwa volti 36 itaishi nayo vizuri, lakini inayohitaji volti 48 haitawaka sawasawa. Unganisha taa na draiva kabla ya kuwasha umeme. Anayewasha draiva kwanza na kuchomeka taa baadaye huipiga kwa volti za juu ambazo draiva ilikuwa inazitoa bila mzigo, na taa hufa mara moja au, vibaya zaidi, huumia na kufa baada ya miezi miwili.

Washa kupitia balbu ya mfululizo. Ikiwa hakuna shoti, zima, toa balbu, kisha washa moja kwa moja kupitia wati-mita ndogo ya kuchomeka. Andika wati, ampea, na kile ambacho waliosomea ufundi kwa Kifaransa wanakiita kosinusi fi, yaani sehemu ya mzigo wote (voltiampea) inayofanya kazi halisi (wati). Namba hii ya mwisho hudharauliwa, lakini ndiyo inayoamua ukubwa wa jenereta. Chukua taa 60 za wati 12, ambazo ni wati 720. Kosinusi fi ikiwa 0.9, jengo linabeba voltiampea 800, sawa na ampea 3.6 hivi kwa volti 220. Ikiwa 0.5, wati ni zilezile, lakini mzigo unakuwa voltiampea 1,440 na ampea 6.5. Mwenye jengo aliyenunua jenereta kwa kuhesabu wati peke yake atashangaa kwa nini inalalamika.

Umeme tulionao

Sasa chukua taa moja au mbili za kila aina uzipitishe kwenye hali halisi ya mji. Goma hupata umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaotoka mitambo ya mto Ruzizi, umeme wa Virunga Energies unaotoka Matebe kwenye mto Rutshuru, na kampuni nyingine kama Nuru inayotumia jua. Juu ya hayo karibu kila jengo la biashara lina jenereta yake. Volti za saa nne asubuhi si za saa moja jioni, na za jenereta inapoanza kuwaka si za mtandao.

Ukiwa na transfoma ya kurekebisha volti kwa mkono, shusha kutoka 220 polepole hadi 170, ukiandika mahali taa inapoanza kufifia, kumetameta au kuzimika, kisha ipandishe hadi 250 na uiache hapo robo saa huku ukigusa draiva kwa kipimajoto. Draiva iliyoandikwa volti 100 hadi 265 haitajali. Iliyoandikwa 220 hadi 240 itakuonyesha mpaka wake. Usipokuwa na transfoma hiyo, fanya kazi ya subira: pima volti za jengo lenyewe asubuhi, mchana na jioni kwa siku tatu, na uache taa za majaribio ziwake jioni hizo. Halafu washa jenereta ya jengo, na msaidizi azime na kuwasha mzigo mzito kama pampu ya maji, wewe ukitazama taa.

Jaribu pia kuwasha taa nyingi kwa pamoja. Draiva hunyonya mkondo mkubwa mno kwa sehemu ndogo sana ya sekunde inapowashwa, na taa 40 zikifanya hivyo kwa wakati mmoja zinaweza kuangusha disjonteri ya ampea 10 ingawa mkondo wao wa kawaida ni mdogo. Karatasi nzuri ya mtengenezaji hutaja idadi ya draiva kwa kila disjonteri. Isipotaja, unganisha mezani idadi ileile itakayokaa kwenye mzunguko mmoja, washa na kuzima mara kumi, ukipumzisha sekunde kumi kila mara.

Kumetameta kusikoonekana kwa macho huchosha wafanyakazi wa ofisini. Elekeza kamera ya simu kwenye taa kwa mwendo wa polepole: mistari mizito inayotembea ni dalili mbaya. Simu si chombo cha maabara, lakini inatosha kulinganisha aina mbili za taa na kuchagua iliyo tulivu.

Kisha acha taa zote ziwake kwa makundi saa 24, au 48 kama ratiba inaruhusu. Zenye kasoro za kiwandani hufa mapema, na ni afadhali zife mezani.

Joto

Kipimo hiki ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote, na ndicho kinachoamua kama taa itaishi miaka au miezi. Taa iliyowaka mezani imezungukwa na hewa. Juu ya dari haina hewa hiyo. Tengeneza sanduku la mbao au la vipande vya jasi, lenye kimo sawa na nafasi halisi ya juu ya dari, toboa tundu upande wa chini, funga taa humo kama itakavyofungwa, draiva ikae mahali pake, kisha funika. Bandika kipimajoto cha waya kwenye nukta ya tc. Ukitumia kipimajoto cha miale, bandika kwanza utepe mweusi wa umeme kwenye nukta hiyo, kwa kuwa aluminiamu inayong'aa hudanganya na kuonyesha joto dogo kuliko lililopo.

Acha iwake hadi joto litulie, yaani lisipande zaidi ya nyuzi moja kwa saa. Mara nyingi ni saa tatu au nne. Tuseme chumba kina nyuzi 22 na tc imetulia kwenye 58. Ukiwa ghorofa ya chini, umepona. Lakini ghorofa ya juu kabisa, chini ya mabati, nafasi ya juu ya dari inaweza kufika nyuzi 38 mchana. Jumlisha tofauti ya 16, utapata 74. Ikiwa draiva imeandikwa tc 75, imebaki na nyuzi moja, na mimi singeifunga hapo. Kanuni inayotumiwa na mafundi wa elektroniki ni kwamba kapasita za ndani hupoteza karibu nusu ya maisha kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Kumbuka pia kwamba Goma iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo kuliko hewa nzito ya pwani. Jaribu kusogeza draiva mbali na kipoza joto, kuongeza kimo, au kutumia taa yenye wati pungufu, kisha rudia kipimo.

Mwanga wenyewe

Weka taa za loti (makundi ya utengenezaji) mbalimbali kando kwa kando juu ya karatasi nyeupe. Mbili zilizoandikwa 4000 K (kipimo cha rangi ya mwanga) zinaweza kutofautiana, moja ikivuta kijani na nyingine uwaridi, na tofauti hiyo itaonekana wazi kwenye dari moja. Zigawe kwa vyumba. Kwa kiasi cha mwanga, viwango vya kimataifa hudai laksi 500 kwenye meza ya ofisi na 100 kwenye ujia, na hupimwa kwa laksi-mita. Taa za dharura zenye betri zichajiwe saa 24, kisha kata umeme na uhesabu kama zinadumu muda ulioandikwa, saa moja au tatu.

Daftari na siku ya kufunga

Ipe kila taa namba kwa kalamu isiyofutika, nyuma ya pete, na katika daftari andika namba hiyo, loti, ukinzani wa ardhi, megaomu, wati na tarehe. Zilizokataliwa zikae katoni nyingine iliyoandikwa sababu, maana muuzaji hukubali kubadilisha taa yenye kipimo kwa urahisi kuliko taa yenye malalamiko. Weka akiba ya loti ileile, ukimkabidhi mwenye jengo mwenyewe, si stoo ya mjenzi.

Siku ya kufunga, kabla ya taa kuunganishwa, pima nyaya za kila mzunguko kwa mega ya volti 500. Kiwango cha IEC 60364-6 kinataka zisipungue megaomu 1. Hakikisha swichi inakata fezi, si nyutrali, la sivyo taa zitabaki na mwanga hafifu usiku zikiwa zimezimwa na mlinzi atakupigia simu. Unganisha safu ya kwanza, iwashe, pitisha mkono juu ya dari kutoa vumbi na mifuko, ndipo ubonyeze springi na kuhamisha ngazi kwenye safu ya pili.